Mama Servente, Msomaji wa Ukili

Kwanza niseme kwamba hakuwa mpole. Watu wakisikia ninamsimulia mwanamke aliyewatuliza watoto wa shule nzima, humdhania bibi wa sauti ya chini na tabasamu. Huyu sauti yake ilivuka uwanja wa mpira na kurudi, na akikukasirikia alikukumbusha na makosa yako ya mwaka juzi. Aligombana na muuza maji, aligombana na mwalimu wa hisabati, aligombana na mbuzi wa jirani waliomlia miyaa yake, majani ya kusukia mikeka, na katika wote hao nadhani mbuzi ndio aliowasemesha kwa heshima zaidi. Tulimwita Mama Servente. Servente ndilo jina la kazi yake kwetu Msumbiji: mfagiaji wa shule, mshika funguo, mpiga kengele. Jina lake la nyumbani nalijua, ila hakuna mwanafunzi aliyewahi kulitumia.

Alikuwa na stoo ya mafagio nyuma ya darasa la kumi, chumba chenye dirisha moja linalotazama mikoko. Humo ndani mlikuwa na ndoo, maboksi ya chaki, madawati yaliyovunjika miguu, na ukutani vitita vya miyaa iliyokauka, mingine myeupe, mingine imetiwa rangi ya zambarau na kijani. Akimaliza kufagia aliketi humo kusuka ukili, ule msuko mrefu mwembamba ambao wanawake wa pwani yetu huushona, mzunguko juu ya mzunguko, hadi ukawa mkeka. Sikumbuki kumwona ameketi mikono mitupu. Hata akimgombeza mtu vidole viliendelea na kazi yao, kama havikuhusika na ugomvi.

Ukiingia stoo kwake na shida yako alikuuliza maswali mawili, yale yale kila siku, kwa mpangilio ule ule. Umekula? Umelala? Hakutaka kusikia jingine kabla ya hayo. Msichana mmoja aliwahi kuingia analia kwamba maisha yake yamekwisha, akaulizwa kama amekula, akasema hapana, akapewa muhogo wa kuchemsha na kuambiwa maisha yataendelea kuisha baada ya muhogo. Tulicheka sana siku ile, na yule msichana mwenyewe akacheka, mdomo umejaa.

Baada ya maswali alikupa chane, zile nyuzi pana za miyaa, akakuanzishia msuko, akakuacha. Hakukubembeleza wala hakukwambia usiogope. Maneno ya "usiogope" aliyachukia, alisema ni ya watu wanaotaka kurudi haraka kwenye shughuli zao.

"Ogopa," alituambia. "Ila ogopa umekula, na umelala."

Lazima nieleze tulikuwa tunaogopa nini, maana aliyekulia kwingine anaweza kuona ni mambo ya mitihani tu. Ilikuwa miaka ile gesi ilipoonekana baharini kwetu. Mji wetu uko kusini kidogo ya Palma, kaskazini mwa nchi, na kabla ya hapo hakuna aliyetujia ila kwa samaki au kwa posa. Ghafla meli kubwa zikasimama upeo wa macho, helikopta zikapita juu ya kuku wetu, na watu wenye kofia ngumu wakaja kuandika namba za rangi nyekundu kwenye kuta za nyumba zetu. Ikasemwa vijiji vingine vitahamishwa. Ikasemwa kampuni itaajiri wenyeji, lakini wenyeji waliosoma. Hakuna aliyejua lini wala wangapi. Basi kila nyumba ikageuka kumtazama mtoto wake aliyeko shule.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa nyavu na mtu wa masihara. Mwaka ule aliacha masihara. Nyumba yetu ilikuwa imeandikwa namba, na kila jioni alikaa kibarazani akiitazama ile rangi, kisha ananitazama mimi. Nilikuwa darasa la kumi, nina mtihani wa taifa, ule tunaouita ezami, na yeye alikwisha niambia mbele ya shangazi zangu kwamba mimi ndiye nitakayewaingiza mle ndani ya uzio wa kampuni. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilianza kuacha chakula, nikaanza kuamka kabla ya adhana na kukaa nikitazama dari, na mwishoni mkono wangu wa kulia ukawa unakakamaa kila nikishika kalamu. Vidole vinafunga, havifunguki. Mama alisema ni jini, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya, na sitalikejeli kombe kwa sababu lilinipa utulivu wa siku mbili. Nesi wa zahanati alinipinda vidole akasema sina ugonjwa. Niliona afadhali angenipa ugonjwa, ningejua wa kumlaumu.

Mama Servente alinikuta nikiuloweka mkono huo kwenye ndoo yake ya maji ya kupigia deki. Umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Nilisema uongo mara mbili kwa pumzi moja. Akanipa chane, nikasuka shibiri moja, kwa shida, nikinyoosha vidole kwa mkono wa kushoto. Akauchukua ule ukili, akaupitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, bila hata kuutazama.

"Hujala," akasema. "Na hapa katikati ulikuwa unamfikiria mtu unayempenda, anakutisha."

Nilikuwa nikimfikiria baba. Nililia hadi kengele ikachelewa kupigwa, na diretor, yaani mwalimu mkuu wetu, akatoka ofisini kuuliza saa imekufa au vipi.

Haukuwa uganga, na yeye mwenyewe alikasirika ukiuita hivyo. Kila msukaji wa mikeka anajua kwamba ukiwa na roho juu mkono huvuta, na ukili ukivutwa sana hubana, huwa mwembamba, kisha hupinda kama ndizi. Mawazo yakihama, chane hulegea na kuacha matundu. Pumzi ikishuka, msuko hunyooka wenyewe. Ukili uliopinda haushoneki, ukilazimisha mkeka unavimba katikati na hakuna atakayeulalia. Kwa hiyo wanawake wakiona umepinda huufumua wakaanza upya. Yeye hakutufumulia. Alituongezea chane tu tukaendelea, halafu akatuonyesha kwa kidole mahali tulipoanza kunyooka na kutuuliza pale tulifanya nini. Mara nyingi jibu lilikuwa dogo. Nilipumua. Nilicheka na mwenzangu. Niliacha kufikiria ukurasa wa mwisho nikafikiria huu wa kwanza.

Kutokana na majibu hayo madogo alitutengenezea taratibu, na ole wako usizifuate. Ukisoma kurasa tano, usuke pima moja, upana wa mikono yako iliyonyooshwa. Ukisuka pima moja, utembee hadi kisimani na kurudi. Tochi ya kusomea usiku aliichukua kwa mtu yeyote mwenye macho mekundu, akaifungia stoo hadi Ijumaa. Na kila mmoja alitakiwa amchague mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Si lazima awe yeye, alisema, awe hata kuku, lakini kuku hatakujibu.

Wavulana waliona haya kusuka mikeka. Alikuwapo mmoja aliyetoka Diaca, mkristo, mtoto wa wakulima, amepanga kwa watu mjini ili asome, na hasira zake alizimalizia kwenye ukuta wa choo. Alikuja stoo ngumi zinavuja damu. Mama Servente alimfunga kitambaa, akampa muhogo, kisha akamtupia furushi la makumbi ya nazi akamwambia asokote kamba, hiyo ni kazi ya wanaume tangu zamani, kwa hiyo visingizio aviache nje. Alisokota miezi mitatu. Kamba zake ndizo zilizofunga nyavu za magoli yetu mawili, na ukuta wa choo ukapona.

Nisije nikamtengeneza malaika. Mtu huyu aliyetunyang'anya tochi alikuwa hanyimwi usingizi na mtu ila yeye mwenyewe. Alikunywa chai nyeusi kutwa, nzito kama lami, na alfajiri ulimkuta tayari anafagia. Alituambia tusijitukane mioyoni tukikosea, na yeye akikosa tundu la kufuli alijiita majina ambayo siwezi kuyaandika. Na alikuwa na mwana wa kiume ambaye hakumtaja. Nilimjua kwa kuambiwa: alisoma shule hii hii, akafeli ezami, akarudi nyumbani na matokeo, mama yake akamwambia maneno makali. Asubuhi yake akaenda Pundanhar, bara, kwa mjomba wake kulima. Alituma unga wa muhogo kila msimu. Salamu hakutuma.

Siku moja, kwa ufidhuli wa umri ule, nilimuuliza kwa nini huyo naye hakumpa chane. Alichukua fagio akatoka, akaacha ukili wake juu ya dawati. Niliugusa. Ulikuwa umebana sana, ila mimi wakati ule nilijua kusuka tu, kusoma bado.

Nadhani kwa sababu ya huyo mwana ndiyo siku moja alifika nyumbani kwetu, bila kualikwa, amejitanda kanga, akaketi kibarazani mbele ya baba na ile namba nyekundu. Waliamkiana, wakaulizana habari za nyavu. Kisha akasema neno moja lililomleta.

"Kaka, wasiwasi wa nyumba hii ni wa kwako. Mwachie mtoto ezami peke yake."

Baba alikasirika. Alisema servente hawezi kumfundisha kulea. Lakini kesho yake, wakati wa kula, alinitazama nikisukuma wali, akasema kama siutaki nimpe paka, maana paka naye kajiandikisha kampuni. Lilikuwa masihara dhaifu, ya mtu aliyepoteza mazoea. Nilikula sahani nzima.

Sasa nifike kwenye ile siku ya hisabati, ambayo mjini kwetu bado inasimuliwa vibaya. Wanasema Mama Servente alivunja mlango. Mlango ulikuwa wazi.

Msimamizi alikuwa ameletwa kutoka mji mkubwa, kijana mwenye tai, anayetokwa jasho kuliko sisi. Nilianza vizuri. Swali la tatu mkono ukakakamaa. Mfukoni nilikuwa na kipande cha ukili chenye urefu wa mkono hadi kiwiko, zambarau na kijani, chane bado zinaning'inia. Nikakiweka mapajani, nikasuka mizunguko mitatu, vidole vikafunguka, nikaandika. Swali la tano, tena. Mara ya tatu nikaona viatu vya msimamizi vimesimama kando yangu.

Akaukamata ule ukili akauinua juu darasa zima lione. Kabula, akasema; ndilo neno letu la kitu cha kuibia mtihani. Akaanza kuhesabu rangi: zambarau mbili, kijani moja, zambarau tatu. Kwake zile zilikuwa namba zilizofichwa. Simlaumu sana. Kwa mtu asiyewahi kumwona mama yake akisuka, zile rangi zilikuwa na mpangilio wa kutia shaka. Lakini alikwisha chukua karatasi ya kuandikia ripoti, na kila mtu mle ndani alijua maana yake: mtihani wangu unafutwa, na mwaka, na macho ya baba kibarazani. Diretor aliitwa. Naye ni mtu wa kusini ya mbali, akaugeuzageuza ule ukili asijue aseme nini. Mimi nilitaka kueleza na sauti haikutoka.

Mama Servente alikuwa nje na ndoo yake. Akaitua, akaingia, jambo lisiloruhusiwa kabisa, akasimama mbele ya yule kijana.

"Kama ni maandishi, baba, yasome tuyasikie."

Kijana akasema ni ya siri, hayasomeki.

"Mimi nitakusomea."

Akauchukua mkononi mwake, akafumba macho, akaupitisha kati ya vidole viwili kuanzia mwanzo. Alisema kwa sauti ile ya uwanja wa mpira. "Hapa kakaza, anaogopa. Hapa chane imekatika, katia nyingine. Hapa kashusha pumzi, pamenyooka, gusa mwenyewe. Hapa kaogopa tena." Akafika kwenye zile ncha zinazoning'inia. "Na hapa umemnyang'anya. Hesabu zako hazimo."

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, nimeanikwa mbele ya wenzangu arobaini kama nguo. Kisha nikamwona yule wa Diaca, dawati la mbele, ameinamisha kichwa anafuta macho kwa ngumi. Na wengine. Nikatambua kwamba ukili ule ungeweza kuwa wa yeyote mle ndani, na aibu ikapungua, si yote.

Diretor alilinganisha rangi na majibu yangu, akaona majibu mawili nimekosa kabisa, akaamua kwamba kama hii ni kabula basi ni mbaya sana. Akaruhusu niendelee, ila ukili ubaki mezani. Nikasema siwezi, mkono. Mama Servente alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka.

"Una vidole kumi vya miguu. Vikanyage chini kimoja kimoja, halafu andika."

Nikavua kandambili. Sakafu ilikuwa baridi, ameipiga deki yeye mwenyewe asubuhi. Nilikanyaga kidole gumba, nikakanyaga cha pili. Nilimaliza mtihani nikiwa wa mwisho katika wote, na nilifaulu, kwa alama ambazo hazikumshangaza mtu yeyote.

Mama Servente alipewa barua ya onyo. Hakujua kusoma barua, akaniletea nimsomee, nami nikamtafsiria yote kutoka Kireno bila kuficha: kuingia chumba cha mtihani, kupaza sauti, kumkatiza msimamizi. Alisikiliza hadi mwisho. Wameandika vizuri, akasema, hata kelele zangu hawakuzisahau. Akaikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikiyumba. Mwaka uliofuata stoo ilijaa hadi watoto wakakaa nje chini ya dirisha, na ile meza haikuyumba tena.

Kazi ya kampuni sikuipata, na wachache waliipata. Nimekuwa mwalimu. Halafu ikaja miaka ya kukimbia vita, ambayo kila mtu wa kwetu anaijua na sina haja ya kuisimulia. Baba alifariki tukiwa safarini. Sasa nafundisha pembezoni mwa Pemba, ule mji wa Msumbiji, si kisiwa, shule iliyojaa watoto waliotoka kaskazini, wengine wanashtuka mlango ukigongwa. Kila Jumatano, kipindi cha mwisho, nagawa miyaa na makumbi. Mwalimu mwenzangu alinilalamikia kwamba napoteza muda wa masomo. Nikamwambia aje ahesabu wanaosinzia kwake Alhamisi, kisha tuzungumze. Hakuja, nami sijaacha. Sitaacha.

Halafu ikaja siku moja ya kuandikisha wanafunzi. Kwenye varanda, mwishoni mwa foleni ya wazazi, aliketi mwanamke mzee anasuka, na kando yake msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, mikono mapajani, haangalii kitu. Nilizijua zile kanga kabla ya kuujua uso. Alikuwa amekonda. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaniitikia kwa jina langu, kama tuliagana juzi.

Umekula, mama? Nimekula. Umelala? Nimelala.

Nikauchukua ukili wake. Sikuomba ruhusa, yeye hakuniomba siku ile. Nikaupitisha kati ya vidole viwili. Ulikuwa umebana na kupinda tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna hata shibiri moja iliyonyooka. Sikuwahi kushika kazi yake ikiwa hivyo.

"Mama," nikasema, "hujala."

Akanieleza, kwa sauti ndogo nisiyoijua. Msichana ni mjukuu wake, mtoto wa yule mwana wa Pundanhar. Walipokimbia kule baba yake alibaki nyuma kumchukua mjomba, hajaonekana hadi leo. Majirani ndio waliomleta mtoto. Tangu afike hasemi.

"Nataka kumwambia asome," akasema, "na neno linanikwama. Babake nilimkazia. Nikimkazia na huyu, sina mwingine."

Nilikwenda ofisini nikaleta muhogo wangu wa mchana. Tukagawana watatu. Msichana alikula kidogo kidogo, ila alikula. Nikaliandika jina lake kwenye daftari, na sikumwambia bibi yake chochote cha kumtuliza, maana alinifunza mwenyewe nisiseme.

Jumatano iliyofuata nilichelewa kwa sababu ya mvua. Nilipofika darasani watoto walikuwa wamekwisha keti chini, vitita vya miyaa vimefunguliwa, na Mama Servente yuko katikati yao akimgombeza mmoja aliyekuja bila kula. Mjukuu wake alikuwa ubavuni pake. Alikuwa amesuka kama shibiri moja, akamnyooshea bibi yake bila kusema. Mama Servente akaupokea, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, na nilijua anachokisoma, kwa sababu hata kutoka mlangoni niliona ulivyopinda. Mkono wake ukasimama kwenye ile ncha. Nilidhani ataufumua.

Akamrudishia. Akachomoa chane moja nyeupe kutoka kwenye kitita chake, akamwekea mkononi.

"Ongeza," akasema, akasogea ili mtoto apate nafasi.